Chaja Isinunuliwe kwa Chenji Iliyobaki

Maji ya Mto Rufiji, kabla hayajafika Utete na kuendelea kuteremka kuelekea kwenye mikoko ya delta, hupita kwanza katika Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa inayoweza kwa pamoja kuzalisha megawati 2,115, na ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuingiza umeme katika gridi ya Taifa mwaka 2024. Umeme huo haufuatani na mto. Hupanda kaskazini kwa njia ya kilovolti 400 hadi Chalinze, ukachanganyika huko na umeme wa gesi na wa mabwawa mengine ya nchi, kisha ukapunguzwa nguvu kituo baada ya kituo, hata ukaufikia ukuta wa nyumba ya mkazi wa Utete, Ikwiriri au Kibiti ukiwa umesalia na volti 230. Katika kila hatua ya safari hiyo ndefu yupo mhandisi anayewajibika, zipo fyuzi na nyaya za ardhini, ipo sheria, na yupo wa kuulizwa likitokea la kutokea; ila hatua ya mwisho peke yake, ile ya kutoka kwenye soketi hadi ndani ya simu, tumeiacha mikononi mwa kifaa kidogo kinachoning'inizwa kwa mafungu barazani mwa duka, mara nyingi kisicho na jina la kweli la mtengenezaji wala anwani, na ambacho aghalabu hununuliwa kwa chenji iliyobaki baada ya sukari na sabuni.

Mimi naona kwamba hapo tumepima vibaya. Chaja ya simu ni chombo cha umeme mkubwa, hukaa ukutani pale pale zinapokaa pasi na birika, na mwenye kuichagua anachagua kwa mpigo mmoja usalama wa nyumba yake na uhai wa simu yake. Na uhai wa simu, katika wilaya zetu hizi, umekwisha kutoka katika daraja la anasa. Mkulima wa ufuta au korosho aliyepeleka mzigo wake ghalani kwa stakabadhi huusubiri ujumbe wa malipo katika simu. Mvuvi wa kamba huko delta huulizia bei kwa simu kabla hajawasha mashine ya boti kuelekea Nyamisati. Na wakati wa mafuriko ya Aprili 2024, maji yalipoingia katika vijiji vya Rufiji na Kibiti, mwenye simu iliyozimika hakuwa na njia nyepesi ya kujua jamaa zake wamehamia upande gani.

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, swali la kuchagua halikuwako, maana simu mpya ilikuja na chaja yake ndani ya boksi na watu walikuwa hawana haja ya kuwaza. Apple waliiondoa chaja katika maboksi yao mwezi Oktoba 2020. Samsung wakafuata kwa simu zao za daraja la juu Januari 2021. Na simu zilizokwisha kutumika, ziletwazo kutoka Dubai na kupitia Kariakoo hadi huku kwetu, nazo mara nyingi hufika peke yake bila kichwa wala waya. Tena Umoja wa Ulaya umeamuru kwamba kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa katika nchi zake ziwe na tundu la aina moja, yaani USB-C, na mnunuzi awe na hiari ya kuchukua simu bila chaja. Sheria hiyo ni ya Wazungu, lakini viwanda vinavyowauzia wao ndivyo vinavyotuuzia sisi, na athari zake zimekwisha kufika katika vibanda vyetu. Basi mzigo wa kuchagua, ambao zamani aliubeba mtengenezaji, umemwangukia mnunuzi, naye hajapewa mizani ya kupimia.

Tuanze na kilicho ndani, kwa kuwa asiyejua chaja inafanya kazi gani hawezi kujua ni kitu gani anachoibiwa anapouziwa iliyoghushiwa. Kichwa cha chaja kina pande mbili. Upande wa kwanza hupokea zile volti 230 za ukutani, ambazo katika kilele cha wimbi lake hufika kama volti 325, ukazigeuza ziwe umeme wa mkondo mnyofu, na swichi ndogo ya kielektroniki ikaukatakata umeme huo makumi ya maelfu ya mara kwa kila sekunde na kuupitisha katika transfoma isiyozidi ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Upande wa pili wa transfoma hiyo ndiko zitokako volti 5, au 9, ziendazo kwenye simu. Baina ya pande hizo mbili hapana waya unaopitisha umeme moja kwa moja. Nguvu huvuka kwa usumaku peke yake, na uwazi ulioachwa katikati, pamoja na tabaka za insulesheni zilizovikwa nyaya za transfoma, ndiyo sitara yote aliyo nayo mtu aliyeishika simu mkononi ikiwa inachaji. Viwango vya kimataifa vinataka uwazi huo uwe wa milimita kadhaa. Mwenye kughushi huanza kuiba hapo hapo, kwa kuwa nafasi na insulesheni ni gharama ambayo jicho la mnunuzi haliioni: chaja huwaka taa, simu huonyesha alama ya kuchaji, na kila mtu huenda zake ameridhika.

Wizi huo umekwisha kupimwa. Ken Shirriff, mhandisi wa Marekani ambaye tangu mwaka 2012 amekuwa akizipasua chaja za kila namna na kuzilinganisha, alionyesha katika chaja moja iliyoghushiwa jina la Apple kwamba umbali baina ya umeme mkubwa na umeme mdogo haukufika hata milimita moja. Mwaka 2016 taasisi ya upimaji ya UL ya Amerika Kaskazini ilizipima chaja 400 zilizoghushiwa jina hilo hilo, na zilizofaulu zikawa 3 tu. Katika zile zilizoanguka, 12 ziliundwa vibaya kiasi cha kuweza kumwua mtu kwa kumpiga umeme. Na kabla ya hapo, mwezi Agosti 2013, baada ya habari za watu waliodhurika na chaja huko Uchina, kampuni yenyewe ilitangaza kuwa itazipokea chaja za kubahatisha kutoka kwa wateja wake na kuwauzia za halali kwa dola 10. Hayo ni mambo ya nchi zenye maabara na mahakama za kulinda mnunuzi, ambako mtu aliyedhurika anajua mlango wa kubisha. Sembuse sisi?

Ningeomba msomaji aufikirie kwa makini huo uwazi usiofika milimita moja, akiuweka katika hali ya hewa ya kwetu. Katika nyumba kavu ya nchi za baridi huenda ukastahimili miaka. Huku bondeni, masika yanapoingia na kuta zikatoa jasho, au kule Salale na Mbwera ambako upepo wa kusi huja na chumvi na kila chuma huota kutu, unyevu na vumbi hujikusanya juu ya kibao cha chaja na kuujengea umeme mkubwa daraja la kuvukia. Siku utakapovuka, utapita katika waya, utaingia katika simu, na utamtafuta aliyeishika. Na ikiwa mtu huyo ameketi kwenye sakafu ya saruji miguu mitupu, akizungumza na nduguye huku waya umechomekwa, yeye ndiye atakayekuwa njia ya kuelekea ardhini. Sisemi haya kumtisha mtu. Nayasema kwa sababu watoto wetu ndio wanaolala kifudifudi sakafuni wakichezea simu iliyo kwenye chaji, na hakuna aliyewaambia.

Ipo ishara moja ambayo wengi wameiona pasina kuifahamu, nayo ni skrini kuchezacheza yenyewe simu inapochajiwa: herufi hujiandika bila kuguswa, kidole kinabonyeza hapa na simu inafungua kule. Watu husema simu imeingiwa na wazimu, wakaipeleka kwa fundi, na fundi akaitazama asione ubaya, kwa kuwa kwa fundi ilichajiwa kwa chaja nyingine. Aghalabu ubaya umo katika chaja, ambayo umeme inaoutoa haukusafishwa vya kutosha na mtikisiko wake unaichanganya skrini. Chaja ya namna hiyo haifai kuendelea kutumika hata siku moja zaidi, wala haifai kupewa jirani.

Sasa tuje kwenye maandishi madogo yaliyochapwa ubavuni mwa chaja, ambayo ni machache kuliko maandishi ya paketi ya dawa na hayana budi kusomwa kama yale. Mstari wa kwanza huanza na neno INPUT na husema ni umeme gani chaja inaweza kuupokea. Chaja njema huandikwa 100–240V, na kwetu sisi upana huo una maana kubwa, kwa sababu tunakaa mwishoni mwa laini ndefu: jioni, kila mtu anapowasha, umeme hupungua hadi taa zikawa nyekundu, na ukikatika kisha ukarudi huweza kurudi kwa kishindo kilichozidi kipimo. Chaja iliyoundwa kwa uaminifu huustahimili upungufu bila kulalamika. Kishindo cha kurudi ni jambo jingine; hakuna chaja ndogo iliyoundwa kukipokea kila siku, na dawa yake ni kuichomoa mara umeme unapokatika na kungoja dakika kadhaa baada ya kurudi, desturi ambayo wenye mafriji wanaifuata na wenye simu wanaidharau. Tazama pia kama kuna alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, inayomaanisha kuwa chombo kimevikwa insulesheni maradufu. Alama hiyo huweza kughushiwa, nakiri, lakini chaja isiyokuwa nayo kabisa imejitolea ushahidi dhidi yake yenyewe.

Mstari wa pili huanza na OUTPUT, na hapa ndipo panapozuka mabishano mengi ya barazani. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, yaani nguvu: 5V na 2A ni wati 10, 9V na 2A ni wati 18. Wapo mafundi na wauzaji, watu waaminifu kabisa katika kazi yao, wanaoshikilia kwamba chaja yenye ampea nyingi huua simu ndogo, na kwa imani hiyo humshauri mteja mwenye simu ya bei nafuu achukue chaja dhaifu. Rai hiyo ilikuwa na sababu zake zamani za chaja za kila pini na kila volti. Kwa simu za leo haina msingi. Ampea zilizoandikwa ni ukomo wa kile chaja inachoweza kutoa, na simu ndiyo inayovuta kadiri ya haja yake; simu iliyoundwa kuvuta wati 10 itavuta 10 hata ikiunganishwa na kichwa cha wati 65. Na kuhusu volti, chaja ya halali huanza kwa volti 5 daima, kisha chaja na simu zikaulizana kwa ishara zipitazo ndani ya waya, na ikiwa simu imesema kwamba inaweza kupokea 9, ndipo chaja inapopandisha. Isiposema, hubaki pale pale. Kinachoua simu ni chaja ya uongo iliyoandikwa wati ambazo haina, ikalazimishwa kutoa isichokuwa nacho, ikachemka mpaka plastiki ikanuka, na mwishowe ikaachia umeme usiokuwa na nidhamu.

Walakini, mazungumzo hayo baina ya chaja na simu yana lugha zaidi ya moja, na ni haki mnunuzi aambiwe. Lugha iliyo wazi kwa watengenezaji wote ni ile inayoandikwa PD. Kampuni nyingine zimejitungia lugha zao, kama Oppo walivyofanya tangu mwaka 2014 kwa mfumo wanaouita VOOC, na simu ya namna hiyo ikikutana na chaja isiyoijua lugha yake haidhuriki, ila huchaji polepole. Kwa hiyo mtu aliyenunua simu kwa kuvutiwa na tangazo la kujaa kwa nusu saa, kisha akapoteza chaja yake, asitaraji kasi ile kutoka kwa kichwa chochote atakachookota sokoni. Ama aitafute ya kampuni ile ile, ama akubali mwendo wa kawaida, ambao kwa mtu anayelala usiku kucha unatosha kabisa.

Nikiulizwa basi na mtu wa Utete anunue nini, jibu langu ni kichwa kimoja cha PD chenye wati 20 hadi 30 na tundu la USB-C, cha kampuni iliyo na wakala anayejulikana Dar es Salaam na ambaye dhamana yake inaweza kudaiwa. Kichwa kama hicho kitaihudumia simu mpya, kitaihudumia ya zamani kwa kubadilisha waya tu, na kitadumu kuliko simu zenyewe. Aliye na kitochi tu, yaani simu ndogo ya vitufe, hana haja ya gharama hiyo, maana wati 5 zinamtosha. Lakini ajue kwamba baadhi ya vitochi na taa za sola zenye tundu la USB-C zimeundwa kwa kubana gharama hata zikakosa kile kipande kidogo cha kutambulishana na chaja, kwa hiyo hukataa kuchaji kwa waya wenye ncha ya C pande zote mbili na hukubali kwa waya wenye ncha pana ya zamani upande wa kichwani. Mtu asiyelijua hilo huitupa taa iliyo nzima.

Wengine huikwepa chaja yenye nguvu wakidhani itawamalizia LUKU. Hesabu ni nyepesi. Betri ya simu ya kawaida ya siku hizi, yenye ampea-saa 5, hubeba kama wati-saa 19, na pamoja na upotevu wa njiani tuseme 25. Uniti moja ya umeme ni wati-saa 1,000, kwa hiyo huijaza simu hiyo mara takriban 40. Gharama ya kujaza mara moja ni shilingi chache tu, iwe chaja ni kubwa au ndogo, kwani kinachojaa ni betri ile ile. Mtu asiyekuwa na umeme nyumbani, anayelipa mamia ya shilingi kibandani kwa kila chaji, ndiye anayelipa umeme kwa bei ghali kuliko sote, na hapo pana dhuluma ambayo ingestahili makala yake yenyewe.

Waya nao unadai neno, ijapokuwa fupi. Waya mwembamba hula umeme njiani na kuutoa kama joto, hata kichwa kizuri kikaonekana kibovu. Waya wa USB-C wa halali huweza kubeba ampea 3, na unene wake na uzito wake hujisema mkononi. Ukiota kutu kwenye ncha, au ukichubuka shingoni, usifungwe kwa gundi ya karatasi. Ununuliwe mwingine.

Kuhusu pini, hapa nitasimama kidogo, kwa sababu kuna desturi ambayo nimeiona katika nyumba na maofisi, mijini na vijijini, na ambayo imekuwa ya kawaida mno hata haishangazi tena. Soketi zetu ni za pini tatu bapa, za kiwango cha Kiingereza kilichotolewa mwaka 1947, na waliozibuni waliweka vifuniko ndani ya matundu mawili ya chini, visifunguke mpaka pini ndefu ya juu iingie kwanza, makusudi mtoto asiweze kuchokoa umeme kwa msumari. Ni hekima kubwa katika kitu kidogo. Sisi tunanunua chaja ya pini mbili za duara, au bapa za namna ya Kichina, kisha tunachukua kijiti, ncha ya kalamu, na wakati mwingine, Mungu atuepushe, bisibisi, tukakitia katika tundu la juu ili vifuniko vifunguke, tukaichomeka chaja ikae inalegalega. Kwa tendo hilo moja tumeivunja kinga ya mtoto, tumemfundisha mtoto mwenyewe namna ya kuivunja, na tumeziacha pini zikigusa chuma kwa shida, zikatoa cheche, zikaunguza soketi mpaka ikawa nyeusi. Chaja ya pini tatu zinazolingana na soketi ipo sokoni kwa bei ile ile. Isipopatikana, iko adapta ya kubadilisha pini, nayo pia ichaguliwe iliyo imara.

Katika vijiji vya delta visivyofikiwa na nguzo, mambo huchukua sura nyingine. Huko umeme ni wa sola na betri, na chaja ya ukutani huendeshwa kwa inveta, yaani umeme mdogo wa volti 12 hukuzwa kuwa 230 ili chaja iupunguze tena uwe 5, safari ya kwenda na kurudi ambayo sehemu ya jua la mchana hupotelea humo. Mwenye kibanda cha kuchajishia simu angefanya busara kutumia chaja za namna ya gari, zinazochukua volti 12 za betri moja kwa moja. Angechaji simu nyingi zaidi kwa jua lile lile, na umeme unaoweza kuua usingekuwako kabisa kibandani mwake. Wale waliounganishwa na nguzo na wanaochajisha simu za watu kwa malipo wana amana za majirani mikononi, na tawi moja la soketi lililobebeshwa vichwa kumi vya kubahatisha, juu ya meza ya mbao, karibu na pazia, si mahali pa kuweka amana. Na nyumbani, simu isichajiwe kitandani. Hatuwezi kulala bila chandarua katika bonde hili, na chandarua ni nyuzi za plastiki ambazo hazihitaji moto mkubwa ili ziyeyuke na kuwaka.

Nimesema mengi juu ya mnunuzi, na sasa lazima niseme kwamba mnunuzi hawezi kubebeshwa yote. Ataambiwa aupime uzito, maana ya bandia huwa nyepesi. Asome herufi, maana ya bandia hukosewa tahajia. Aitilie shaka bei iliyo chini mno. Ushauri huo ni mzuri, nami nauunga mkono, lakini wenye kughushi wamejifunza: siku hizi hutia kipande cha chuma ndani ili iwe nzito, huchapa boksi zuri, na mtaalamu mwenyewe mara nyingine hawezi kukata shauri mpaka aipasue. Kumtaka bibi wa Ngorongo au kijana wa Mkongo afanye kwa macho kazi ambayo maabara huifanya kwa mitambo si insafu.

Serikali iliwahi kuonyesha kwamba ikitaka inaweza. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu za bandia nchini kote, baada ya kuwatangazia watu kwa miezi kadhaa namna ya kuzihakiki kwa namba ya IMEI. Jambo hilo liliwauma wengi, na soko lilipata funzo. Chaja haina IMEI wala haijulikani kwenye mtandao, kwa hiyo haikuguswa na hatua ile, na haiwezi kuguswa kwa njia ile. Nayo ndiyo iliyo hatari zaidi, kwa kuwa simu ya bandia hukuibia fedha, na chaja ya bandia huweza kukuondolea nyumba. Vyombo vya kuishughulikia vipo. Shirika la Viwango, TBS, lipo tangu mwaka 1975, na lina utaratibu wa kutaka bidhaa zikaguliwe huko zitokako kabla hazijapakiwa melini; Tume ya Ushindani ina nguvu za Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 dhidi ya wanaoghushi majina ya wenzao. Kilichobaki ni kuzifuata chaja mpaka zilipo, na zipo vibandani, hazipo bandarini peke yake.

Najua litakalosemwa: kwamba msako utawaumiza wachuuzi wadogo, na kwamba maskini atanyimwa chaja ya bei anayoiweza. Hoja hiyo naiheshimu. Kijana anayezibeba chaja kutoka Kariakoo kwa basi, akavuka Daraja la Mkapa na fungu lake, hakughushi kitu. Naye pia ameuziwa. Kumnyang'anya yeye mtaji wake na kumwacha aliyeingiza kontena ni kuonea. Lakini si kweli kwamba bei nafuu na usalama haviwezi kukaa pamoja. Chaja ya halali ya wati 10, isiyojidai kasi, haina sababu ya kuwa ghali. Inaonekana ghali kwa sababu imewekwa kwenye msumari mmoja na ile iliyoibiwa insulesheni, na mbele ya macho ya mteja zinafanana. Ikiondolewa ya wizi, ya halali itauzika kwa wingi na bei yake itashuka.

Nataka basi TBS wapeleke watu wao Utete, Ikwiriri, Kibiti na Bungu, si kwa magari yenye ving'ora bali kama wanunuzi wa kawaida, wanunue chaja kwenye vibanda kwa bei ya kibanda, wazipeleke maabara, na kisha watangaze kwa majina na kwa picha zipi zimefaulu na zipi zimeanguka, ili muuzaji mwenyewe ajue asirudie kununua zipi Kariakoo. Nataka Halmashauri za Rufiji na Kibiti zimtake kila mwenye duka aandike katika risiti jina la chaja na wati zake, na aipokee ikirudishwa ndani ya mwezi mmoja, na muuzaji arudishiwe naye na aliyemuuzia kwa jumla, mpaka hasara imfikie yule aliyeiingiza nchini. Na orodha ya zilizofaulu isiishie katika mbao za matangazo za makao makuu ya wilaya, ambako husomwa na watumishi waliokwisha kuijua. Ibandikwe sokoni, ibandikwe stendi, na ibandikwe gatini Nyamisati, ambako mizigo ya delta na ya Mafia hupakiwa, ili mwenye duka la kisiwani aisome kabla hajafunga mzigo wake.